Kioo cha Inchi 14

Kiwanda chetu cha uchapaji kilikuwa kando ya Barabara ya Pugu, Dar es Salaam, ambayo siku hizi inaitwa Barabara ya Nyerere. Tulichapa vitabu vya shule za msingi, kalenda, kadi za harusi na gazeti moja la kila wiki, katika yale magazeti yaliyochipuka kwa wingi baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992. Mwaka 1996 Mkurugenzi aliamua kwamba prufu zisisomwe tena kwenye karatasi. Karatasi ilikuwa ghali, tona ya printa ilikuwa ghali zaidi, na kompyuta zetu zilionyesha ukurasa kama utakavyotoka mtamboni. Basi msahihishaji naye akae mbele ya kioo kama wengine.

Uamuzi huo nusura umtoe kazini mtu aliyekijua Kiswahili kuliko sisi sote mle ndani. Naandika ulivyokwenda kwa sababu yaliyomsibu nayaona mpaka leo katika ofisi za watu, na wanaosibika bado wanalaumu macho yao.

Tulimwita Mzee Prufu. Alikuwa amefundisha shule za msingi miaka mingi, akaja kwetu akiwa amepita umri wa miaka 50. Prufu za karatasi alizisoma kwa rula na kalamu nyekundu, rula ikishuka mstari mmoja baada ya mwingine, midomo ikicheza bila sauti. Kwa kazi ya vitabu vya watoto sijaona mtu kama yeye. Alikuwa na uchungu wa pekee na kile kitone cha ng'. Ukiandika ngombe badala ya ng'ombe alikuita mezani kwake, akakukalisha, akakuambia: “Binti yangu, huyu mtoto wa darasa la pili hajui kwamba umesahau. Yeye anajua kwamba kitabu hakikosei.” Kisha anakurudishia ukurasa bila kukufokea, nawe unaondoka ukijua kazi hii ina maana.

Mimi nilikuwa mpangaji kurasa, binti mdogo niliyetoka kwenye kozi ya kompyuta ya jioni. Kompyuta zetu zilikuwa na Windows 95 na programu ya PageMaker, na kila moja ilikuwa na monita ya inchi 14. Vijana wa leo hawajaziona. Lilikuwa ni bomba zito la kioo lenye mgongo mrefu nyuma, na hizo inchi 14 zilikuwa za bomba lenyewe kutoka pembe hadi pembe. Sehemu yenye picha ilikuwa kama inchi 13 tu, upana wake sentimita 26 hivi au 27. Kwa kuwa meza zilikuwa finyu, sanduku la kompyuta lililazwa, na monita ikawekwa juu yake. Pembeni ilikaa stabilaiza, maana umeme wa miaka ile ulipanda na kushuka, na siku za mgawo ukirudi ulirudi kwa kishindo. Stabilaiza hatukuziweka sakafuni kwa kuwa sakafu ilipigwa deki kila asubuhi.

Fundi aliyetufungia mashine alikuwa kijana hodari, na sina neno baya juu yake. Aliwaza kama mpangaji kurasa. Alijua kwamba picha ya kwenye kioo inajengwa kwa pikseli, vinukta vidogo vya mwanga, na kwamba ukiwa na pikseli nyingi unaona eneo kubwa zaidi la ukurasa. Kiwango cha VGA, kilicholetwa na IBM mwaka 1987, kilikuwa na pikseli 640 kwa 480. Juu yake kukaja 800 kwa 600, kisha 1024 kwa 768. Yeye alizipandisha zote hadi 1024, akasimama nyuma yetu akifurahi kuona ukurasa mzima wa gazeti umeingia kwenye kioo. Kadi zetu za picha zilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 1, na kwa pikseli zaidi ya laki 7 na nusu hiyo ilitosha kwa rangi 256 tu, ndiyo maana nyuso za watu kwenye picha zilitoka na mabaka. Hilo halikutusumbua, gazeti lenyewe lilikuwa la rangi nyeusi na nyeupe.

Ila kioo hakikuongezeka upana. Pikseli 640 zikitandazwa kwenye sentimita zile 27, kila moja ina upana wa milimita 0.4 na kidogo. Ukitandaza 1024 mahali palepale, kila moja inabaki na milimita 0.26. Na Windows ilizichora herufi za menyu na za madirisha kwa kuhesabu pikseli. Herufi ndogo ya a, yenye pikseli 6 kwenda juu, ilisimama milimita 2.5 kwenye mpangilio wa 640, na kwenye 1024 ilishuka hadi milimita 1.6. Kwa macho ya kijana wa miaka 22, aliyezoea kuinama karibu, hiyo si shida. Mtu akishapita miaka 40, lenzi ya jicho imeanza kukakamaa, haijikunji tena vizuri kutazama vya karibu, na hata angetaka kuinama hapati faida.

Mzee Prufu alivaa miwani ya lenzi mbili, ya juu ya kuonea mbali na ya chini ya kusomea. Ile ya chini imetengenezwa kwa ajili ya kitabu ulichoshika mkononi, chini ya kidevu, umbali wa sentimita 40 hivi. Sasa kitabu chake kilikuwa kimepandishwa juu ya sanduku, mbali naye, usawa wa paji la uso. Ili akisome kwa lenzi ya chini ilimbidi ainue kidevu hadi shingo ikunjike nyuma, na hapo hapo asogeze kiti mbele. Akakaa hivyo kutwa nzima. Jioni tulimwona akijikanda shingo kwa kiganja kabla ya kwenda kituo cha daladala.

Rula aliichukua pia, akaibandika kwenye kioo. Nakumbuka sauti yake ikigusa, na chaji ya umeme ya kioo ikimsimamisha malaika ya mkono. Siku moja aliruka kwenye kiti akaita: “Jamani, habari yote imefutika!” Tukaenda. Kwenye kioo palikuwa na vichwa vya habari, na chini yake safu za mistari ya kijivu tu. Hakuna kilichofutika. PageMaker ilikuwa na desturi kwamba maandishi yakiwa madogo mno kuonyeshwa, haikujisumbua kuyachora, ilitia mistari ya kijivu mahali pake. Kijana mmoja akabonyeza, maandishi yakarudi, watu wakacheka. Mzee hakucheka. Alikaa akaanza upya tangu mstari wa kwanza.

Makosa yakaanza kupita. Kwenye kioo kile herufi b na h zilitofautiana kwa kipande cha mstari wa pikseli moja chini, na gazeti likatoka na “hali” mahali pa “bali”, sentensi ikapoteza kichwa na miguu. Kitone cha ng' kilikuwa pikseli mbili tatu za kijivu, na kitabu cha hadithi cha darasa la pili kikafika mtamboni na ngombe wake. Kwa bahati mpiga chapa aliona, akasimamisha mtambo. Mkurugenzi aliitisha kikao. Hakusema mzee afukuzwe, alikuwa mtu wa heshima. Alisema labda wakati wa kupumzika umefika, atafutwe kijana mwenye macho mazima.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mzee mwenyewe alikubali. Aliniambia tukiwa kwenye chai: “Hata herufi zenyewe siku hizi zinatetemeka. Nikitazama ukutani hazitetemeki, nikitazama kazi zinatetemeka. Haya macho yananiaga, mwanangu.” Akaenda hospitali, wakampima, wakamwambia macho yake ni ya umri wake, hakuna ugonjwa. Akarudi na barua ya daktari, akaiweka kwenye droo. Hakumwonyesha mtu. Aliona barua inamthibitishia uzee wake.

Aliyeigeuza hali hiyo ni katibu muhtasi wa Mkurugenzi, mama mtu mzima tuliyemwita Shangazi. Alikuwa amepiga taipureta maisha yake yote, tangu mashine za kugonga kwa nguvu hadi zile za umeme. Kwa mtu wa taipureta ukubwa wa herufi si jambo la hisia. Kulikuwa na mashine za herufi 10 katika kila inchi na mashine za herufi 12, na barua ya mzee au ya mtu mkubwa ulijua uipige kwenye ipi. Aliposikia habari za kikao alikuja chumbani kwetu na rula yake. Akaomba ruhusa: “Shikamoo mzee, naomba nikae hapo ulipokaa.” Akakaa. Akatazama. Akapima herufi juu ya kioo kama alivyokuwa anapima pambizo za karatasi. Kisha akamgeukia fundi, ambaye siku hiyo alikuwepo, akamuuliza swali ambalo sisi wote hatukuwa tumeliuliza: “Hizi herufi nani kazipunguza?”

Fundi akajibu kwamba hakuzipunguza, amepandisha resolusheni, yaani ile idadi ya pikseli. Shangazi akasema, “Mimi nauliza za huyu mzee.”

Kwanza alishughulika na mtetemo, maana akiwa amekaa pale aliuona kwa macho yake. Wote tulikuwa tunauona na tumeuzoea. Fundi, na hapa nampa sifa yake, ndiye aliyejua chanzo. Ndani ya stabilaiza kuna transfoma, na transfoma hutoa sumaku inayopigapiga pamoja na umeme wa laini, mara 50 kwa sekunde. Kioo cha bomba huchorwa na mwali wa elektroni, na sumaku yoyote iliyo karibu huupinda mwali huo. Kioo kilikuwa kikichorwa upya mara 60 kwa sekunde. Tofauti ya 60 na 50 ni 10, na herufi zilikuwa zikiyumba mara 10 kila sekunde, chembe tu, kiasi cha kumchosha msomaji asijue kilichomchosha. Akaishusha stabilaiza, akaisukuma hadi mwisho wa waya, juu ya tofali ili deki isiifikie. Mbele ya macho yetu herufi zikatulia. Mzee Prufu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama tena. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akauliza, “Kwa hiyo zilikuwa zinatetemeka kweli?”

Nadhani hapo ndipo alipopona, kabla hata ya herufi kukuzwa.

Halafu monita ikateremshwa mezani, sanduku likasimamishwa pembeni. Kidevu cha mzee kikashuka mahali pake. Kisha Shangazi akataka herufi ziwe kubwa, na fundi akaonyesha njia. Unabofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye kioo, unachagua mstari wa mwisho wa menyu, unafungua ukurasa wa mipangilio. Pale palikuwa na kidude cha kuvuta kushoto au kulia, kushoto eneo dogo na herufi kubwa, kulia eneo kubwa na herufi ndogo. Akakivuta hadi 800 kwa 600. Kompyuta ikatoa onyo kwamba kama kioo hakitarudi vizuri usubiri sekunde 15, mpangilio wa zamani utajirudisha wenyewe. Kioo kikawa cheusi, kikagonga ndani kama swichi, kikafunguka. Sikumbuki kama kuna aliyepumua.

Kushuka huku kulileta faida nyingine. Monita ina kikomo cha mistari inayoweza kuchora kwa sekunde, na ukipunguza mistari ya picha unaweza kuirudia mara nyingi zaidi. Ile yetu, ambayo kwenye 1024 haikuvuka mara 60, kwenye 800 ilikubali mara 75, kupitia programu iliyokuja na kadi ya picha. Ule mpepeso mweupe unaouona kwa pembe ya jicho ukapotea. Vijana wawili waliokuwa wakimeza vidonge vya kichwa kila alasiri wakaomba na wao.

Fundi alilalamika: “Shangazi, ukurasa hautaingia wote.” Shangazi akamjibu kwamba mzee hapangi ukurasa, anausoma, na hakuna mtu asomaye ukurasa mzima kwa mara moja.

Herufi za menyu bado zilikuwa ndogo. Njia ya mkato ilikuwa kushuka tena hadi 640, na fundi alikuwa tayari. Shangazi akakataa, maana aliona pikseli zikiwa chache sana herufi inakuwa kubwa lakini imejengwa kwa matofali machache, b na h zinabaki na mgogoro wao uleule. Alitaka herufi kubwa yenye pikseli nyingi. Sijui kama angeweza kulieleza hivyo kwa maneno, ila alilijua kwa jicho la kazi. Na chaguo hilo lilikuwepo kwenye ukurasa uleule, chini ya kidude cha kuvuta, mahali pa ukubwa wa fonti. Hapo resolusheni huigusi, unaiambia Windows ijenge kila herufi kwa pikseli nyingi zaidi.

Baadaye nilijifunza asili yake. Wachapaji hupima herufi kwa pointi, na pointi moja ni sehemu moja ya 72 ya inchi. Kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984 ilikuwa na kioo cha pikseli 72 kwa inchi, pointi moja pikseli moja, ili kilichoonekana kilingane na karatasi. Microsoft walichukua 96, kwa hoja kwamba kioo hukaa mbali na jicho kuliko kitabu, kwa hiyo herufi ikuzwe kwa theluthi moja. Herufi ya pointi 12 ikapewa pikseli 16. Fonti kubwa ya Windows ilipandisha 96 kuwa 120, yaani asilimia 125, na herufi ileile ikapata pikseli 20. Mtu aliyekaa Marekani alikadiria umbali wa jicho na kioo, makadirio yakafika Barabara ya Pugu, na hakuna aliyejua kwamba ni makadirio tu na yana mahali pa kubadilishia.

Kompyuta ikazimwa, ikawashwa. Menyu zikatoka zimenenepa, zinasomeka kutoka umbali wa mkono. Baadhi ya programu ndogo zilichukia, vitufe vikakatwa maneno kwa chini kwa sababu waliozitengeneza hawakutegemea zaidi ya 96. Mzee hakuzihitaji. Kwenye PageMaker na Word alifundishwa kukuza ukurasa hadi asilimia 150 au 200, na kushuka safu kwa safu.

Hapo Mkurugenzi akaingia. Aliona maandishi makubwa kwenye kioo, uso ukabadilika. “Kitabu hiki sasa kina kurasa ngapi?” Alidhani herufi zikikua kwenye kioo zitakua na kwenye karatasi, na karatasi ndiyo ilikuwa imetufikisha hapo. Maelezo hayakumwingia. Shangazi hakubishana naye. Alimwambia mzee akuze hadi 200, akachapa ukurasa mmoja kwenye printa. Akamwambia arudishe hadi 100, akachapa uleule. Akazichukua karatasi mbili zikiwa bado na joto, akazipandanisha, akazibandika kwenye kioo cha dirisha ambako jua la saa nane lilikuwa linapiga. Mstari ulikaa juu ya mstari, nukta juu ya nukta. Mkurugenzi alisogea, akaziteleza kidogo kwa kidole, akazirudisha. “Basi kila mmoja afanye anavyoona vizuri,” akasema, na habari ya kumpumzisha mzee haikuzungumzwa tena.

Ngombe hakutoka tena bila kitone chake. Mzee alirudi kuwa yule tuliyemjua, na zaidi, kwa sababu kwenye kioo aliweza kuikuza herufi anayoitilia shaka mpaka ikakaa kama kiganja, jambo ambalo karatasi haikumpa.

Katikati ya miaka ya 2000 vikaja vioo bapa, na hapo nilimkosa sana Shangazi, maana alikuwa ameshastaafu. Kioo cha bomba kilikuwa na upole wake. Mwali wa elektroni haukufungwa na idadi moja ya pikseli, ukiuambia 800 unachora 800, ukiuambia 1024 unachora 1024, na picha zote zinakubalika. Kioo bapa kimetengenezwa kiwandani na pikseli zake, haziongezwi wala hazipunguzwi. Vyetu vya inchi 15 vilikuwa na 1024 kwa 768. Fundi mpya, aliyesikia kwamba wazee wa hapa wanataka herufi kubwa, akavishusha vyote hadi 800. Kila pikseli ya picha ikadai kukalia pikseli 1.28 za kioo, na kwa kuwa pikseli haikatwi, kioo kikapaka rangi ya kukadiria katikati. Herufi zikawa kubwa na zenye ukungu.

Mzee Prufu, akiwa mwaka wake wa mwisho kazini, alikaa mbele ya kioo kipya ambacho wote tulikisifia wembamba, akatazama, akasema: “Herufi zimekua, lakini hazina ncha.” Safari hii hakutaja macho yake. Wakati huo mashine zilikuwa chini yangu. Nikarudisha 1024, nikapandisha fonti badala yake, na kwa kuwa tulikuwa na Windows XP nikawasha ule ulainishaji wa herufi uitwao ClearType, ambao ulikuja na mfumo ule mwaka 2001 lakini ukiwa umezimwa. Huo hutumia vipande vitatu vya rangi vilivyo ndani ya kila pikseli, chekundu, kijani na buluu, kuchonga kingo za herufi kwa uangalifu zaidi. Ncha zikarudi.

Nasimulia haya kwa undani kwa sababu kosa la kushusha resolusheni kwenye kioo bapa ndilo ninalolikuta mara nyingi zaidi hata leo, tena kwa watu wenye nia njema kabisa. Kompyuta nyingi za mapajani zina kioo cha inchi 14 chenye pikseli 1920 kwa 1080, yaani karibu 157 kwa kila inchi. Ukiiacha kwenye asilimia 100, herufi iliyokadiriwa kwa 96 inakuwa ndogo kuliko ile iliyomtesa mzee wetu. Na dawa imerahisishwa. Tangu Windows 7 ya mwaka 2009 unachagua asilimia 125 au 150 bila kugusa resolusheni, na tangu mwaka 2018 Windows 10 ina kidude cha kuvuta cha maandishi peke yake, hadi asilimia 225. Nimeingia ofisi ya serikali kufuatilia hati, nikamkuta karani, mama wa makamo, amesogeza pua kwenye kioo mpaka foleni imefika mlangoni, na watu wanamsema kwa sauti. Nilimwomba radhi, nikamuuliza kama naweza kumwonyesha kitu. Aliniambia macho yake mabovu. Nilimuuliza nani aliipanga hiyo kompyuta. Hakujua kwamba kuna mtu aliyeipanga.

Mzee Prufu alipostaafu kiwanda kilimuuzia kompyuta moja kuukuu kwa bei ya kuagana, pamoja na monita ya bomba. Baada ya muda alinipigia simu niende nyumbani kwake Tandika, kuna jambo la mipangilio. Nilibeba diski zangu nikidhani herufi zimemshinda tena. Nikamkuta ameshapanga kila kitu mwenyewe, stabilaiza iko mbali juu ya tofali, monita iko chini, fonti zimekaa. Ukutani alikuwa amebandika karatasi yenye hatua zote kwa mwandiko wake wa ubaoni. Alichoniitia ni mkewe, ambaye alikuwa ameanza kuandika kumbukumbu za kikundi chao cha kina mama na miwani yake ilikuwa na nguvu nyingine. Herufi za mzee zilikuwa kubwa mno kwake. Alitaka nimfundishe namna ya kuifanya kompyuta moja iwakumbuke watu wawili, kila mmoja kwa jina lake, na mama akawa amevuta kiti chake tayari.